Taaluma katika sekondari za serikali: maswali ambayo wazazi na wanafunzi huuliza kila mwaka

Majibu haya yanahusu sekondari za serikali za Tanzania Bara, kidato cha kwanza hadi cha sita. Zanzibar ina wizara yake ya elimu, lakini watahiniwa wake wa kidato cha nne na cha sita nao hufanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Kwa hiyo yanayosemwa hapa juu ya madaraja, pointi na divisheni yanawahusu pia.

Divisheni ya kidato cha nne inapatikanaje?

Kila somo hupewa daraja kwa alama: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Daraja nalo lina pointi: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa, na jumla ndiyo inayotaja divisheni:

- Div I: 7 hadi 17
- Div II: 18 hadi 21
- Div III: 22 hadi 25
- Div IV: 26 hadi 33
- Ziro: 34 na 35

Pointi zikiwa chache ndivyo matokeo yalivyo mazuri. Bado kuna wazazi wanaopongeza "pointi 30" kama vile ni alama za mtihani wa darasani.

Mwenye cheti cha 2014 ataona maneno Distinction, Merit, Credit na Pass badala ya divisheni. Kipindi hicho ulitumika mfumo wa GPA (wastani wa pointi), na divisheni zikarejeshwa mwaka 2016. Cheti chake ni halali kama vingine.

Mstari wa matokeo kwenye tovuti ya NECTA nausomaje?

Tuchukue mstari wa mfano, si wa mtu yeyote:

F – 18 – II – CIV 'C' HIST 'C' GEO 'B' KISW 'B' ENGL 'C' PHY 'D' CHEM 'C' BIO 'B' B/MATH 'D'

Herufi ya kwanza ni jinsi, F kwa msichana na M kwa mvulana. Inafuata jumla ya pointi, kisha divisheni, kisha masomo. Huyu ana masomo tisa. Saba bora ni B tatu (pointi 6) na C nne (pointi 12), jumla 18. D ya Fizikia na D ya Hisabati hazikuguswa kabisa. Zingekuwa F zote mbili, divisheni ingebaki ileile, II ya 18.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Divisheni huficha masomo mawili au matatu mabaya ya mwanafunzi mwenye masomo mengi, lakini vyuo na tahasusi (michepuo ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita) haviishii kwenye divisheni. Vinaangalia somo kwa somo. Kabla hujafurahi au kununa, soma mstari mzima hadi mwisho.

ABS maana yake hakufanya mtihani. INC maana yake matokeo hayajakamilika, mara nyingi kwa sababu kuna karatasi moja ya somo haikufanywa. W/H maana yake matokeo yamezuiliwa hadi jambo fulani lishughulikiwe. Ukiona INC au W/H, anza na mkuu wa shule siku hiyohiyo; shule ndiyo inayowasiliana na Baraza.

Mwanangu amepata Div I, mbona hafai kusoma PCM?

Kwa sababu tahasusi inapimwa kwa masomo yake matatu, na PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. Ili mwanafunzi afikiriwe kwa kidato cha tano cha serikali, kwa kawaida anatakiwa awe na angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, pointi za jumla zisizidi 25, na pointi za masomo matatu ya tahasusi zisizidi 10, bila F hata moja ndani yake. Pointi 10 ni kama C, C na D. Kwa maneno mengine, D moja inavumilika kwenye karatasi, lakini anayeshindana naye ana pointi 5.

Rudi kwa mwanafunzi wa mfano. Akiomba PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ana D, C na B: pointi 9. Akiomba CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) ana C, B na B: pointi 7. HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) nayo ni 7. Sifa za PCB anazo, ila nguvu yake iko CBG na HGK. Anayeng'ang'ania PCB kwa sababu nyumbani wanataka daktari ajue kwamba Fizikia ya D haiwi nyepesi kidato cha tano. Inakuwa ngumu maradufu, na miezi ya kuitengeneza ni michache.

Mwenye Div I ya 16 anaweza kuwa na F ya Hisabati nje ya saba bora. PCM, PGM na EGM zote zina Hisabati (M), kwa hiyo zimefungwa kwake. Hakuna wa kumlaumu hapo, hesabu ndiyo iliyofunga.

Div IV ya 31 na ya 33 si zote Div IV tu?

Hapana, na hili ni swali muhimu kuliko linavyoonekana. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, huanzia na ufaulu wa masomo manne, angalau D, yasiyo ya dini. D nne na F tatu ni 16 na 15, jumla 31. D tatu na F nne ni 32. Tofauti ni pointi moja, ila wa kwanza ana masomo manne na mlango uko wazi. Wa pili ana matatu.

Hata hiyo 31 usiiamini bila kuhesabu. C mbili na F tano nazo ni 31, na huyo ana masomo mawili tu. Pointi 33 ni D mbili, au C moja peke yake. D moja peke yake ni 34, tayari ziro. Kwa hiyo anayeuliza chuo asiseme "nina four ya ngapi", aseme amefaulu masomo gani.

Fani za afya zina masharti yake juu ya hayo manne, na Kemia na Baiolojia hazikosekani. Mafunzo ya ufundi stadi ya VETA yana njia zake, na nyingi hazihitaji divisheni kabisa.

Alama za maendeleo zinahesabiwa kweli, au ni maneno ya walimu?

Zinahesabiwa. Kwa mtahiniwa wa shule, 30 kati ya 100 hutokana na alama za maendeleo zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho, na 70 ni mtihani wenyewe.

Hesabu iko hivi. Mwanafunzi amepata 20 kwa 100 katika mtihani wa Hisabati wa Novemba. Sehemu ya mtihani ni 14 kati ya 70. Kama maendeleo yake yalikuwa asilimia 60, anaongezewa 18: jumla 32, D. Mwenzake aliyepata 20 hiyohiyo lakini maendeleo yake ni asilimia 30 anaongezewa 9: jumla 23, F. Wametoka chumba kimoja cha mtihani na karatasi zinazofanana.

Yanayoharibika hapa ni yaleyale kila mwaka. Kuna anayekosa mtihani wa muhula kwa sababu ya msiba au ugonjwa na haombi kuufanya baadaye. Kuna anayehama na alama zake zikabaki shule ya zamani. Kuna anayedharau kazi mradi. Kwenye ukurasa wa matokeo wa kila shule kuna safu iitwayo NO-CA, idadi ya watahiniwa wasio na alama za maendeleo katika somo. Katika shule iliyopangika safu hiyo ni sifuri tupu.

Mwanafunzi akihama, msiondoke na barua ya uhamisho peke yake. Ombeni kwa mwalimu wa taaluma nakala ya alama za mihula yote, imepigwa muhuri, na muikabidhi kwa mwalimu wa taaluma wa shule mpya mkononi. Baada ya usajili wa mtihani wa taifa kufungwa, kuhama ni kujitafutia matatizo.

Mtihani wa kidato cha pili una uzito gani?

Ni upimaji wa taifa. Asiyefikia ufaulu hurudia kidato cha pili badala ya kwenda cha tatu, na matokeo yake yanaingia kwenye zile alama za maendeleo. Ule usemi wa wanafunzi kwamba "kidato cha pili ni cha kupumzika" umeponza wengi.

Kwa mzazi ndiyo nafasi nzuri ya kuona picha mapema, kwa sababu madaraja ni yaleyale ya kidato cha nne. Ukiona F ya Hisabati na D za sayansi, bado kuna miaka miwili. Ukisubiri matokeo ya moku (mtihani wa majaribio) ya kidato cha nne, imebaki miezi mitatu au minne.

Alikuwa wa kwanza shule ya msingi, sasa ni wa themanini. Kaharibika?

Mara nyingi ni lugha. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari masomo karibu yote isipokuwa Kiswahili chenyewe yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto anaijua mada, haelewi swali. Ndiyo maana kidato cha kwanza huanza na wiki za kozi ya awali ya Kiingereza, na anayeripoti mwezi mzima baada ya wenzake kwa sababu sare hazijashonwa huikosa kozi yote. Aanze hata na sare ya msingi. Walimu hulikubali hilo kuliko mnavyodhani.

Kinachosaidia ni kidogo na cha kila siku. Awe na daftari dogo la msamiati kwa kila somo, maneno matano kwa siku, kila moja na maana yake kwa Kiswahili na sentensi moja kutoka kitabu cha kiada. Katika pasti pepa azoee maneno ya kuamrisha: "taja" ni orodha fupi, "eleza" ni sentensi zenye sababu, "tofautisha" inadai pande zote mbili. Alama nyingi za Historia na Uraia zinapotea hapo: swali limeuliza tofauti, mwanafunzi kamwaga maana.

Kwa nini Hisabati inaanguka hivi, na inaokolewaje?

Miaka nenda rudi Hisabati ndilo somo la lazima lenye ufaulu wa chini kidato cha nne. Sababu kubwa ni kwamba mada zimefungamana. Asiyejua sehemu na namba hasi za kidato cha kwanza hawezi milinganyo ya cha pili, na asiyejua milinganyo atakwama kwenye matriksi za cha nne hata akifundishwa na nani.

Karatasi ina maswali 14, yote ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, jumla 60. Sehemu B ina manne ya alama 10, jumla 40. Sehemu A hutoka zaidi kwenye mada za msingi: namba, uwiano, logariti, seti, vekta, pembetatu, mfuatano. Sehemu B ndiko kwenye takwimu, dunia kama tufe, matriksi na ndugu zake.

Kwa mwanafunzi aliye chini ya 30 mwezi Machi wa kidato cha nne, kumfundisha silabasi yote upya ni kumpotezea muda. Achukue mada nane za Sehemu A, kila mada wiki mbili, maswali matano ya miaka tofauti kwa kila mada, na asihame mada mpaka amefanya matatu bila kuangalia majibu. Maswali matano kamili ya Sehemu A ni alama 30. Baada ya hapo aongeze takwimu, kwa sababu jedwali, wastani na grafu vina hatua zinazofuatana na kila hatua ina alama yake.

Aonyeshe njia. Jibu sahihi bila njia hupoteza alama, na jibu lisilo sahihi lenye njia nzuri hupata sehemu. Wanafunzi dhaifu hufuta njia wanapohisi wamekosea, wakabaki na ukurasa mweupe. Apige mstari mmoja juu yake, aache isomeke.

Mitihani ya vitendo ina alama ngapi?

Kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia kuna karatasi ya nadharia ya alama 100 na ya vitendo ya alama 50. Theluthi nzima ya somo iko maabara, na shule nyingi huigusa kuanzia Agosti ya kidato cha nne. Ndiyo maana mwenye nadharia nzuri anaishia C.

Tazama utitrishaji kwenye Kemia, yaani kupima kwa bureti ujazo wa kimiminika kinachohitajika kukamilisha mmenyuko. Jaribio la kwanza ni la kukadiria, halafu matatu yanayokaribiana. Anayekosea hasomi chini ya mbonyeo wa kimiminika, husoma kingo zake. Au huacha faneli juu ya bureti, tone likadondoka na kuongeza ujazo. Au huandika 24.3 badala ya 24.30. Makosa haya hayahusiani na akili, yanahusiana na idadi ya mara alizoshika bureti. Uliza shuleni mtoto ameshika vifaa mara ngapi mwaka huu. Kusimama nyuma ya wenzake kumi wakimtazama mwalimu hakuhesabiki.

Tahasusi siku hizi ni ngapi, na achague ipi?

Mwaka 2024 ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Orodha ni ndefu, lakini si kila shule ina walimu wa kila tahasusi. PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HGK, HKL na HGE (L ni Kiingereza, E ni Uchumi) bado ndizo zenye shule nyingi, kwa hiyo ndizo zenye nafasi nyingi.

Anzeni mwisho, mrudi nyuma. Kozi anayoitaka chuo kikuu inadai masomo gani ya kidato cha sita? Orodha ya sifa za kila kozi hutolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na inasomeka bure. Uhandisi unataka Fizikia na Hisabati ya juu. Mwenye PCB anayekuja kubadili mawazo kidato cha sita amechelewa. Tahasusi mpya zikikuvutia, fungua orodha hiyo uone ni kozi ngapi zinazozitaja kabla ya kuichagua kwa jina lake zuri.

Selform inajazwa lini?

Selform ni fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Mwanafunzi hujaza akiwa shuleni kidato cha nne, kabla ya mtihani. Matokeo yakishatoka, kwa kawaida mwisho wa Januari, TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) hufungua dirisha la kubadili machaguo kwenye selform.tamisemi.go.tz. Wengi hawaingii tena, na chaguo walilojaza kwa kufuata rafiki mwezi Septemba ndilo linalowapeleka shule.

Ukiingia, linganisha pointi za tahasusi kama tulivyofanya juu, weka mbele iliyo na pointi chache kati ya zile anazozitaka, na usipuuze sehemu ya vyuo vya kati. Upangaji wa serikali hupeleka wanafunzi vyuo vya ufundi pia, na kwa mtoto wa Fizikia na Hisabati nzuri asiyependa kukaa miaka miwili mingine na vitabu, stashahada ya ufundi si njia ya walioshindwa. Nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani, si kwenye simu ya mwenye duka la intaneti.

Masomo ya kidato cha tano huanza Julai. Fomu ya kujiunga ya kila shule ina tarehe ya mwisho ya kuripoti, na nafasi isiyochukuliwa hupewa mwingine.

Shule za vipaji maalumu, za ufundi na mkondo wa amali zinatofautianaje?

Za vipaji maalumu ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Mtoto haombi kidato cha kwanza huko. Hupangwa kwa alama za darasa la saba. Za ufundi ni kama Tanga, Moshi, Ifunda, Musoma, Bwiru, Mtwara na Iyunga, ambako pamoja na masomo ya kawaida kuna fani kama umeme, ujenzi na makanika.

Mkondo wa amali ulikuja na mabadiliko ya mitaala yaliyoanza Januari 2024. Mwanafunzi husoma masomo machache ya jumla, yakiwamo Hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili, na muda mwingi unakwenda kwenye fani. Kabla ya kumpeleka, tembelea karakana. Ukiona mashine bado ziko kwenye maboksi au fundi mwalimu ni mmoja kwa wanafunzi mia na ushee, muulize mkuu wa shule ana mpango gani, na asikujibu kwa hotuba.

Nitajuaje shule ni nzuri ikiwa NECTA haitangazi tena kumi bora?

Baraza liliacha kutaja shule na wanafunzi bora Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Kwetu ni nafuu: orodha ile ilijaa shule zinazochuja wanafunzi kabla hawajaingia, halafu zinasifiwa kwa matokeo yao.

Fungua ukurasa wa matokeo wa shule kwa miaka mitatu mfululizo. Chini kabisa kuna jedwali la masomo. Safu ya REG ni waliosajiliwa, SAT ni waliofanya. Pengo kubwa kati yake lina maana wanafunzi wanapotea njiani. Kisha angalia GPA ya kila somo, ukikumbuka kwamba 1 ndiyo bora na 5 ndiyo mbaya. Fizikia yenye GPA ya 4 na zaidi miaka yote mitatu inakwambia kuna tatizo la mwalimu au maabara, hata kama bango la getini linajisifu kwa divisheni wani.

Tazama pia wangapi wamesajiliwa kwa Fizikia na Kemia ukilinganisha na Baiolojia, ambayo kwa silabasi ya zamani ni ya lazima. Shule inayowaondoa dhaifu kwenye sayansi kidato cha tatu itakuwa na ufaulu mzuri wa Fizikia wa watahiniwa 11.

Majina yana umuhimu gani?

Mkubwa, na huonekana baada ya miaka. Usajili wa sekondari unabeba majina kutoka darasa la saba kupitia namba ya PReM, namba ya usajili ya mwanafunzi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi na usajili unasema Mwanahidi, tatizo litajitokeza kwenye kitambulisho cha NIDA, kisha kwenye maombi ya mkopo wa chuo. Kidato cha pili, kabla ya usajili wa upimaji, nenda shuleni na cheti cha kuzaliwa, usome herufi kwa herufi kwenye orodha, na utie saini kwamba umeona. Kubadili baada ya cheti kutoka ni safari ndefu ya viapo, na si kila ombi linakubaliwa.

Elimu ni bila ada. Mbona naambiwa nilipe?

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyokuwa Sh 20,000 kwa kutwa na Sh 70,000 kwa bweni, iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, kuanzia Januari 2016. Kidato cha tano na sita walifuata kwa bajeti ya 2022/23. Sare, madaftari, godoro, nauli na bima ya afya vimebaki kwa mzazi. Mchango wa chakula cha mchana kwa shule za kutwa hukubaliwa na wazazi wenyewe kikaoni, ndiyo maana asiyekwenda kikaoni hushangaa.

Mtoto asirudishwe nyumbani kwa mchango. Ikitokea, anza na mkuu wa shule, kisha bodi ya shule, kisha afisa elimu sekondari wa halmashauri. Na ukichangia chochote, dai stakabadhi.

Kidato cha sita pointi zinahesabiwaje? Mbona chuo wanasema pointi nyingi ndiyo vizuri?

Ni mifumo miwili. NECTA: A ni 80 hadi 100, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, chini ya hapo F. Pointi ni 1 hadi 5 kwa A mpaka E, S 6, F 7, na yanahesabiwa masomo matatu ya tahasusi tu. Div I ni 3 hadi 9, II ni 10 hadi 12, III ni 13 hadi 17, IV ni 18 na 19.

TCU wanageuza: A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Sifa ya chini ya shahada ni masomo mawili ya ufaulu yenye jumla ya pointi 4. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E ni 3, hazitoshi. Hiyo ni sakafu tu. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, na kozi yenye waombaji wengi huanzia mbali zaidi.

Ameanguka. Arudie vipi?

Hujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia kituo cha mitihani. Dirisha hufunguliwa Januari, na anayechelewa kupita Februari hulipa zaidi. Atoe namba ya malipo kutoka kwenye mfumo wa Baraza, asimpe mtu fedha taslimu "amshughulikie".

Arudie masomo anayoyahitaji, si yote kumi. Mwenye masomo matatu anayetafuta la nne achague mawili, moja la akiba. Anayetaka kufanya kidato cha sita kwa kujitegemea anahitaji C tatu za kidato cha nne. Ajue pia kwamba hana alama za maendeleo za kumbeba.

Msichana aliyepata ujauzito anaweza kurudi?

Ndiyo. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu aliyekatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi kwenye mfumo rasmi. Mzazi aende shuleni aliposoma au kwa afisa elimu, na cheti cha kuzaliwa na kumbukumbu za mwisho za masomo. Asiyetaka kurudi darasa lilelile ana vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Asisubiri Januari, barua iandikwe mapema ili nafasi yake ikutwe ipo.

Michezo haitamshusha?

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huchezwa katikati ya mwaka, na anayefika ngazi ya taifa hukosa wiki kadhaa za masomo. Anayerudi na kupewa daftari la mwenzake anakili, hajapoteza kitu kikubwa. Anayerudi akakuta mtihani wa muhula umepita na hakuna aliyempangia siku ya kuufanya, huyo amepoteza alama za maendeleo. Mwalimu wa michezo na wa taaluma wakubaliane tarehe kabla basi halijaondoka.

Matokeo yametoka na tovuti haifunguki.

Saa za mwanzo kila mtu yuko hapo. Piga *152*00# ufuate menyu ya elimu hadi NECTA, uandike namba ya mtihani pamoja na mwaka kama inavyoelekezwa. Ukijaribu tovuti usiku wa manane inafunguka bila shida. Usibonyeze viungo vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp vikidai namba ya simu au nywila kwanza. Matokeo ya NECTA hayadai kitu chochote zaidi ya kuchagua mwaka na jina la shule.